Namna ya Kupata Viongozi wa Kujitolea Katika Chama cha Kindugu Kinachopungukiwa na Wanachama

Tawi la chama cha kindugu, yaani chama cha watu wanaoitana ndugu na kusaidiana, linapoanza kupungukiwa na wanachama, dalili huonekana kwenye uongozi mapema kuliko kwenye hazina. Mkutano mkuu wa mwaka unafika na jina la katibu ni lile lile la miaka yote, mwenyekiti anaombwa aendelee kipindi kingine kwa ahadi kwamba hii ni mara ya mwisho, na nafasi ya makamu inabaki wazi au inapewa mwanachama ambaye siku hiyo hakuwepo ukumbini kujitetea. Wanaobaki kazini ni watu wanaokipenda chama kwa dhati, nao huchoka kimya kimya mpaka siku mmoja wao anapougua au kuhama, na hapo tawi zima linagundua kwamba hakuna mwingine anayejua funguo ziko wapi.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya viongozi wa tawi lililofika hapo au linaloelekea huko. Nafasi ya uongozi haijazwi kwa tangazo wala kwa lawama. Hujazwa kwa kuifanya kwanza iwe kazi inayobebeka na mtu mwenye ajira na familia, kisha kumwendea mtu mmoja aliyechaguliwa kwa makini na kumwomba ana kwa ana. Shughuli yote huchukua karibu mwaka mzima, kwa hiyo ni vyema ianze mara tu viongozi wa sasa wanapoapishwa, kabla ya presha ya uchaguzi unaofuata.

Jambo moja liwekwe wazi kabla ya kuanza. Kupungua kwa wanachama si fedheha ya tawi moja lililozembea. Nchini Marekani udugu wa Freemason ulikuwa na wanachama zaidi ya milioni 4 mwaka 1959, na leo hawafiki milioni 1. Watu wamepungua, lakini viti vya uongozi katika kila tawi vimebaki vile vile vilivyopangwa wakati kumbi zilipokuwa zinajaa na watu wakisubiri zamu zao. Matatizo mengi yanayoitwa uvivu wa wanachama chanzo chake ni pengo hilo kati ya idadi ya viti na idadi ya watu.

Hatua ya kwanza: Pitieni daftari la wanachama jina kwa jina

Jumla ya majina yaliyomo daftarini haisaidii kujaza nafasi hata moja. Wakae watu watatu: katibu, mwanachama mmoja wa siku nyingi anayefahamu historia za watu, na mwanachama mmoja aliyejiunga miaka ya karibuni. Kwa kila jina wajibu maswali manne, na majibu yaandikwe: huyu alihudhuria lini mara ya mwisho, ni kazi gani ya chama aliyoifanya mara ya mwisho, hata iwe ndogo kiasi gani, nje ya chama anafanya shughuli gani, na ni nini kimebadilika maishani mwake tangu alipojiunga.

Yule mwanachama mpya amewekwa hapo kwa sababu maalumu. Wakongwe wakisema kwamba fulani hawezi au hataki, yeye aulize: kwa nini, na hilo lilisemwa lini? Mara nyingi itaonekana kwamba hukumu hiyo ni ya miaka kumi iliyopita, wakati mhusika alipokuwa na watoto wachanga au akifanya kazi za zamu ya usiku, na tangu hapo hakuna aliyerudi kumuuliza. Watoto wamekua, zamu zimekwisha, lakini jina lake lingali kwenye orodha ya wasiotaka.

Mwisho wa zoezi hili majina yatajigawa yenyewe: wanaolipa ada tu, wanaohudhuria, wanaofanya kazi wakiombwa, na wachache wanaoweza kuwaongoza wenzao. Waliopotea kabisa wapigiwe simu, mtu mmoja mmoja, na simu hiyo ya kwanza isiwe na ombi lolote ndani yake, kwa maana mwanachama ambaye hakujuliwa hali kwa miaka mitatu, kisha anaitwa ili apewe cheo, atajua mara moja ni kwa nini amekumbukwa.

Hatua ya pili: Linganisheni viti na watu mlionao

Vyama vingi vya kindugu vina ngazi ya vyeo ambayo mtu huipanda hatua moja kila mwaka. Katika matawi mengi ya Freemason kiongozi huanza kwenye nafasi za chini, hupitia ushemasi na kisha nafasi za wasimamizi wawili, hadi akafikia kiti cha Mkuu wa tawi. Utaratibu huu una uzuri mkubwa, kwa sababu anayefika juu amekwisha kuona kila kazi kwa macho yake. Lakini una hesabu yake, na hesabu hiyo ni vizuri ifanywe kwenye karatasi mbele ya wote.

Tuseme ngazi ina viti 7 na kila kiti ni cha mwaka mmoja. Ili ngazi isiwe na pengo, tawi linahitaji kila mwaka mtu mmoja mpya aliye radhi kushika wadhifa miaka 7 mfululizo. Tawi linalopata mwanachama mpya mmoja kila baada ya miaka 2, na ambalo nusu tu ya hao wapya wana hamu ya uongozi, litapata mtu wa namna hiyo mara moja kila miaka 4. Pengo hilo halizibiki kwa hotuba. Kinachotokea ni kwamba wakuu wastaafu wanarudishwa kwenye viti vya chini ili ngazi ionekane imejaa, na kijana mmoja anarushwa kutoka chini hadi juu kabla hajaiva, akimaliza kipindi chake haonekani tena.

Njia za kutoka hapo zipo. Vipindi vinaweza kurefushwa kutoka mwaka mmoja hadi miwili, jambo linalopunguza kwa nusu mahitaji ya watu wapya. Viti ambavyo kazi yake ni ya siku ya sherehe peke yake vinaweza kujazwa siku hiyo hiyo na yeyote aliyepo mwenye kuijua sehemu yake, bila kumfunga mwaka mzima. Hata hivyo kila badiliko lianze kwa kusoma katiba ya chama na kanuni za baraza kuu, yaani ngazi ya juu inayosimamia matawi. Kwa kawaida Odd Fellows, chama kingine cha kindugu, hawamruhusu mtu kukalia kiti cha juu cha tawi kabla hajawa makamu, na sehemu nyingi Freemason humtaka Mkuu wa tawi awe amewahi kuwa msimamizi. Mabaraza mengi hutoa kibali maalumu pale tawi linapokwama, ilimradi ombi lifike mapema na liwe na maelezo.

Baada ya ngazi, angalieni kamati. Andikeni kila nafasi iliyopo, kisha mbele yake mtaje anayeidai: katiba, sheria ya nchi, benki, au mazoea. Zile zinazodaiwa na mazoea peke yake zinaweza kufutwa bila kumuumiza yeyote, au zikageuzwa kuwa kazi za muda zinazoanza wiki chache kabla ya tukio na kumalizika siku tukio linapokwisha. Mtu anayekataa kuwa mwenyekiti wa kamati ya hafla kwa mwaka mzima anaweza kukubali kwa moyo mkunjufu kusimamia hafla moja. Kuna nafasi mbili tu ambazo hazipaswi kuunganishwa hata tawi likibaki na watu wachache sana: anayeshika fedha na anayekagua hesabu.

Hatua ya tatu: Andikeni kazi ilivyo kweli

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wanachama wanaoketi safu za nyuma hudhani kazi ya katibu ni kusoma muhtasari wa mkutano uliopita, na katibu mwenyewe, akiwa amezoea, hawezi tena kueleza anayoyafanya. Ndiyo maana maelezo ya kazi yaliyomo kwenye katiba hayatoshi: yanataja mamlaka, lakini hayataji saa.

Mwombeni kila kiongozi aliyepo aandike kwa miezi mitatu kila alichokifanya kwa ajili ya chama, siku gani, na kilichukua muda gani. Asiache barua, simu za wanachama wanaouliza mkutano ni saa ngapi, safari ya benki, wala kufungua ukumbi na kupanga viti. Karatasi ya katibu mmoja inaweza kusomeka hivi: muhtasari wa mkutano, saa mbili; kusahihisha daftari na kufuatilia ada, saa tatu; barua za baraza kuu, saa moja na nusu; simu na ujumbe wa wanachama, robo saa karibu kila siku; taarifa ya mwaka, siku mbili nzima kila Desemba. Ukijumlisha unakuta mtu huyu anatoa saa 14 kwa mwezi, wakati nafasi hiyo ilitangazwa mkutanoni kuwa ni ya kuandika andika tu.

Hapo ndipo kazi inapoweza kukatwa vipande. Muhtasari wa mkutano unaweza kuandikwa na mwanachama mwingine anayehudhuria kila mara. Simu za wanachama zinaweza kupunguzwa sana kwa ujumbe mmoja unaotumwa kwa wote siku tatu kabla ya mkutano, ukitaja saa, mahali na ajenda. Daftari na ada vinaweza kukaa kwa mtu mwenye uzoefu wa kompyuta ambaye pengine hapendi kabisa kusimama mbele za watu. Katibu anabaki na barua rasmi, kumbukumbu na taarifa ya mwaka, ambayo ndiyo kazi yake hasa. Mtu mmoja aliyekuwa habadilishiki amegeuka kuwa watu watatu wanaoweza kushikiana zamu.

Wingi wa mikutano nao uangaliwe, kwa sababu kila mkutano ni kazi kwa viongozi kabla na baada yake. Mwaka 2016 Rotary, chama cha vilabu vya kujitolea ambacho kwa miongo mingi kilikuwa kinasisitiza mkutano wa kila wiki, iliruhusu vilabu vyake kupunguza mikutano hadi miwili kwa mwezi. Kama chama chenye nidhamu ya mahudhurio kiasi hicho kiliona haja ya kulegeza, tawi lenye viongozi wanne waliochoka halina sababu ya kuona haya kujadili suala hilo.

Kuna mzigo mmoja ambao haumo kwenye saa zozote lakini huwafukuza watu kuliko yote: maneno ya ibada na sherehe yanayopaswa kusemwa kwa kichwa. Katika vyama vyenye ibada ya kupokea wanachama, anayeshika kiti hutarajiwa kukariri sehemu ndefu, na mtu hodari wa kupanga mambo hukataa uongozi kwa kuogopa kusahau mbele ya wakongwe. Pale kanuni zinaporuhusu, tenganisheni mambo hayo mawili. Mwenye kipaji cha kukariri asome sehemu ndefu hata kama hana cheo, na mwenye kipaji cha kuendesha mkutano aendeshe mkutano. Ibada haitapoteza heshima yake kwa kusemwa na anayeiweza vizuri. Kwa kweli itaongezeka heshima.

Mwishowe kila nafasi iwe na ukurasa mmoja: majukumu, saa kwa mwezi, miezi yenye kazi nyingi, urefu wa kipindi, gharama zinazorudishwa na chama, na jina la mtu atakayemfundisha anayeingia. Kiongozi wa kujitolea asiachwe agharimie stempu, mafuta ya gari au muda wa maongezi kutoka mfukoni mwake bila kuulizwa. Wapo wanaoweza na wapo wasioweza, na wasioweza hawatasema. Watakataa tu cheo na kutoa sababu nyingine.

Hatua ya nne: Undeni kamati ya mapendekezo mapema

Kamati iwe ya watu watatu au watano, iteuliwe angalau miezi sita kabla ya uchaguzi, na mwenyekiti aliye madarakani asiwemo, ili isionekane kwamba anachagua mrithi wake. Awemo mtu anayezungumza na vijana na mwingine anayesikilizwa na wazee. Kazi yao ni kuoanisha yale majina na zile kurasa: nani anafaa wapi, na kwa nini yeye. Yanayozungumzwa juu ya watu yabaki ndani ya kamati.

Makamu au mwenyekiti mteule naye apatikane mapema. Katika vilabu vya Rotary rais ajaye huwa amekwisha kuchaguliwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kushika kiti tarehe 1 Julai, na muda huo hutumika kumfundisha. Tawi dogo linaweza kuiga utaratibu huo bila gharama yoyote.

Hatua ya tano: Mwombeni mtu mmoja, uso kwa uso

Tangazo la mkutanoni, "Tunahitaji mtu wa kujitolea kuwa mweka hazina," lina kasoro kwamba halimhusu yeyote. Kila aliyepo anamtazama mwingine, ukimya unarefuka, na mwisho anayeinua mkono ni yule aliyeshindwa kuvumilia ukimya. Amekubali kwa shingo upande, na miezi minne baadaye hapatikani kwenye simu.

Kamati imtume mtu ambaye mlengwa anamheshimu. Wakutane mahali patulivu, wawili tu, na ombi lisiunganishwe na salamu za kupitisha. Maneno yawe ya kawaida na ya kweli, kwa mfano:

"Ndugu yangu, kamati imenituma kwako, na hatujamwendea mtu mwingine. Tunahitaji mweka hazina kuanzia Januari. Tumekufikiria wewe kwa sababu ulipokusanya mchango wa familia zilizofiwa ulileta orodha kamili na risiti zote, na hakuna aliyelazimika kukuuliza mara ya pili. Kazi yenyewe ni hii hapa kwenye karatasi. Ni kama saa tano kwa mwezi, ukiacha mkutano. Kipindi ni miaka miwili. Mweka hazina wa sasa atakaa nawe miezi mitatu ya mwanzo. Usinijibu leo. Isome, zungumza na wa nyumbani, nami nitakupigia Jumapili."

"Nashukuru kwa kunifikiria. Lakini nikuambie ukweli, jioni za katikati ya wiki mimi huwa kazini."

"Nimekusikia. Ngoja niiulize kamati kama taarifa ya fedha inaweza kusomwa na makamu siku ambazo wewe hupo. Kama hilo likiwezekana, kuna kingine kinachokutia shaka?"

Mambo kadhaa yamefanyika katika maneno hayo machache. Mtu ametajiwa sababu halisi ya kuchaguliwa, yaani jambo alilolifanya na likaonekana. Amepewa ukubwa wa kazi na siku ya kumalizika kwake. Amepewa muda wa kufikiri. Na alipotaja kikwazo, hakubembelezwa kukisahau. Kikwazo kimechukuliwa kama jambo la kutatuliwa.

Yapo pia maneno ya kuepukwa. Msimwambie kwamba hakuna kazi yoyote, kwa maana akikuta ipo atajua mmemdanganya, na hatawaamini tena. Msimwambie kwamba asipokubali tawi litakufa. Hata kama ni kweli, mzigo wa uhai wa chama kizima haumkalii mtu mmoja vizuri, naye akiukubali kwa hofu ataubeba kwa hofu. Wala msimkumbushe mema ambayo chama kilimtendea wakati wa shida, kwani msaada wa kindugu ukigeuzwa kuwa deni unaharibu kitu kilichokuwa kizuri kuliko vyote tulivyo navyo.

Akikataa, pokeeni jibu kwa heshima na muulizeni swali moja tu la mwisho: ni nini kingebadilika ndipo aweze kukubali siku zijazo? Jibu liandikwe na kuhifadhiwa. Huenda atasema mwaka kesho atakuwa amestaafu, au kwamba angependa kazi ya kutembelea wagonjwa kuliko ya vitabu, na majibu kama hayo ndiyo orodha ya uchaguzi unaofuata. Anayekataa leo akiondoka bila kinyongo, mlango unabaki wazi.

Hatua ya sita: Panueni mahali pa kutafutia

Tawi linalotafuta viongozi ndani ya kundi lile lile la watu wanane litapata watu wale wale wanane. Angalieni kwanza wanachama wapya, lakini kwa uangalifu. Kosa la kawaida ni kumvika cheo mtu aliyepokelewa miezi sita iliyopita kwa kuwa ana ari na hajajua kukataa. Mpeni kwanza kazi ndogo ya kweli yenye mwanzo na mwisho, na mwacheni aifanye kwa njia yake. Akiimaliza vizuri, mpeni kubwa zaidi. Asipoimaliza, mmejifunza jambo kwa bei nafuu, naye hajaaibika.

Kisha jiulizeni kama kuna watu ambao kanuni au mazoea yamewaweka nje bila sababu inayoweza kutetewa leo. Vyama vikubwa vimewahi kujiuliza swali hili na vikabadilika: mwaka 1987 Lions na Kiwanis walifungua milango kwa wanawake, na mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba vilabu vya Rotary katika jimbo la California haviwezi kuwabagua wanawake. Leo wanawake wanaongoza vilabu vya vyama hivyo sehemu nyingi duniani. Si kila chama kina mamlaka ya kubadili jambo kama hilo katika ngazi ya tawi, na wapo wanachama wanaothamini kwa moyo wa kweli utaratibu walioukuta. Lakini zipo pia kuta zisizo za kikanuni, kama vile saa ya mkutano isiyomfaa mzazi wa watoto wadogo, au ukumbi wenye ngazi zisizopandika na mwenye ulemavu wa miguu, na hizo tawi linaweza kuziondoa lenyewe.

Viongozi wastaafu watumike kwa masharti. Ni hazina, na wengi wako tayari kuziba pengo. Wakirudi, warudi kwa kipindi kimoja kilichotamkwa mkutanoni, na katika kipindi hicho kazi yao ya kwanza iwe kumwandaa mtu.

Hatua ya saba: Kabidhini ofisi ipasavyo

Kiongozi mpya huamua katika miezi mitatu ya mwanzo kama atadumu. Wiki nne kabla ya kuapishwa, anayetoka na anayeingia wakae mezani na waweke kila kitu hapo: madaftari ya mihtasari, daftari la wanachama, funguo, mhuri, nywila za barua pepe na akaunti za chama, mikataba ya ukumbi, tarehe za malipo ya baraza kuu. Kila kitu kiandikwe kwenye orodha, na wote wawili waitie saini. Mabadiliko ya watia saini benki yaanzishwe wakati huo huo, kwa kuwa benki nyingi hudai muhtasari wa mkutano uliowachagua, vitambulisho na fomu zao wenyewe, na si jambo la ajabu mweka hazina mpya kukaa miezi miwili bila uwezo wa kulipa hata bili ya umeme.

Anayetoka apatikane kwa simu kwa miezi mitatu, lakini asikae kando ya mrithi wake mkutanoni. Hapa niseme wazi jambo ambalo wengi hulizungumzia kwa kunong'ona. Kiongozi kijana anayesahihishwa kwa sauti kutoka safu ya nyuma, mbele ya wote, kwa jambo dogo la utaratibu, hatagombea tena, na waliokuwa wakimwangalia hawatagombea kamwe. Wazee wa tawi wakubaliane kabla ya mwaka kuanza kwamba masahihisho yote yatatolewa faraghani baada ya mkutano, na kwamba mzee mmoja tu, aliyechaguliwa kwa upole wake, ndiye atakayeyatoa. Mahali ambapo makubaliano haya yameheshimiwa, nimeona watu waliokuwa wakiogopa hata kusoma ajenda wakiongoza mikutano kwa utulivu kabla ya mwaka kwisha.

Kipindi kikiisha, kiishe kweli. Mshukuruni kiongozi hadharani kwa mambo aliyoyafanya, mkiyataja, na mwacheni apumzike angalau mwaka mmoja kabla ya kumwomba lingine. Mwanachama anayeona kwamba cheo kina mlango wa kutokea haogopi sana kuingia.

Hatua ya nane: Ikiwa nafasi bado iko wazi

Inawezekana mkafanya haya yote na kiti kikabaki bila mtu. Msikijaze kwa jina la mtu asiyefanya kazi, kwa sababu kiti kilichojazwa kwa jina tu hakionekani kuwa na tatizo, na kwa hiyo hakitafutiwi ufumbuzi. Tangazeni kwamba kiko wazi, teueni kaimu kwa miezi isiyozidi sita kama katiba inaruhusu, na iarifuni ngazi ya juu kwa maandishi. Makao makuu mengi yana watu wanaosaidia matawi dhaifu, lakini hawawezi kusaidia tawi ambalo kila mwaka limeandika kwenye taarifa yake kwamba mambo ni shwari.

Iwapo nafasi za lazima, yaani mwenyekiti, katibu na mweka hazina, hazijapata watu kwa chaguzi mbili mfululizo, ni wakati wa kuzungumza na tawi jirani kuhusu kuungana. Mazungumzo hayo yafanywe wakati bado mna watu wa kutosha kutimiza akidi na fedha za kulipia ukumbi, kwa kuwa tawi linalokuja na wanachama 15 wenye ari hupokewa kama ndugu na kupewa sauti katika jina jipya, katika ratiba na katika ugawaji wa vyeo. Likisubiri hadi libaki na wanne, litamezwa tu.

Kama kuungana hakuwezekani na uamuzi ni kurudisha hati ya tawi, yaani kibali kilicholianzisha, kamati ya watu watatu isimamie ufungaji. Kanuni za vyama vingi hueleza mali inakwenda wapi, na mara nyingi ni kwa baraza kuu, kwa hiyo msigawane chochote kabla ya kuzisoma. Orodha ya mali, madaftari ya mihtasari na salio la benki vikabidhiwe kwa maandishi. Kila mwanachama apewe barua ya uhamisho, ya kumwezesha kujiunga na tawi jingine, wakati ada yake bado iko hai na katibu bado ana mamlaka ya kutia saini, kwa sababu tawi likishafungwa barua hiyo hulazimika kutafutwa makao makuu, na mwanachama mzee asiye na wa kumfuatilia huenda asiipate kabisa.